Kurudi nyuma kwanza, mji wa 3D usubiri

Swali

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Nimetengeneza zana ndogo ya kufundishia Python: mwanafunzi anaandika msimbo upande wa kushoto, na upande wa kulia anaona vigeu vikibadilika mstari kwa mstari. Wanafunzi wameipenda. Sasa nina likizo ya miezi miwili na orodha ndefu ya maboresho: kurudi nyuma hatua kwa hatua, mji wa 3D kama nilioona kwenye CodeCity (zana inayochora msimbo kama mji wa majengo), kuongeza Java na C, kutumia bila intaneti, ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, na kuhifadhi mchoro kama video. Niko peke yangu, yote siyawezi. Nianze wapi, na kipi nikiache?

Jibu

Mwalimu, hongera kwa kazi. Katika orodha yako kuna jambo moja linalobeba mengine mgongoni, nawe umeliandika kana kwamba ni kitufe tu: kurudi nyuma. Ukilifanya ipasavyo utalazimika kuifumua zana yako na kuiunga upya, na ukishaiunga, nusu ya hayo mengine yatakuwa kazi ndogo. Mji wa 3D ni wa kuacha. Nitafika huko.

Nadhani kwa sasa zana yako inachora huku programu ikiendelea: mstari unatekelezwa, unasoma vigeu, unachora, unamsubiri mwanafunzi abonyeze. Kwa mpangilio huo kurudi nyuma hakuwezekani, maana hali ya hatua iliyopita imeshafutwa na haipo popote. Tenganisha kazi mbili ambazo sasa zimeshikana. Ya kwanza ni ya kinasa: kinaendesha programu ya mwanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuchora chochote, na kila hatua kinaiandika kwenye rekodi. Ya pili ni ya kionyeshi, ambacho hakijui Python hata kidogo. Chenyewe kinasoma rekodi tu, kikienda mbele au nyuma apendavyo mtumiaji. Wazo hili ni la siku nyingi. Robert Balzer alieleza EXDAMS, mfumo wa kutafuta makosa ya programu uliojengwa hivyohivyo, mwaka 1969. Python Tutor, tovuti inayochora programu hatua kwa hatua, ambayo Philip Guo aliianza mwaka 2010 na bila shaka umewahi kuitumia, inafuata njia hiyo: upande mmoja unaendesha msimbo kwa kutumia moduli ya bdb iliyomo ndani ya Python yenyewe, unatoa rekodi ya JSON (muundo wa maandishi wa kuhifadhi data), na kivinjari kinachora kutokana na rekodi hiyo.

Kwa kinasa tumia sys.settrace. Inaita fankisheni yako (kipande cha msimbo chenye jina) kila mstari mpya unapofikiwa, kila fankisheni inapoitwa, inaporudisha jibu, na kosa linapotokea. Python 3.12, iliyotoka mwaka 2023, imeleta sys.monitoring ambayo ni nyepesi zaidi, ila kwa programu za mistari thelathini hutaona tofauti, na kompyuta za maabara mara nyingi zina Python ya zamani. Baki na settrace.

Uwe macho na jambo hili: settrace hukuita *kabla* mstari haujatekelezwa. Ukiweka mshale mmoja tu kwenye mstari huo, mwanafunzi ataona mshale uko kwenye `x = 5` na x haina kitu, naye ataamini kompyuta imechelewa au yeye hajaelewa. Weka mishale miwili ya sura tofauti, mmoja kwa mstari uliotekelezwa sasa hivi, mwingine kwa unaofuata. Python Tutor inafanya hivyo na sababu ni hii.

Sasa mitego, maana hapa ndipo wengi wanaojenga kinasa hukwama.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa rekodi. Njia rahisi ni kunakili hali yote ya programu kila hatua. Chukua programu inayoongeza vitu kwenye orodha kimoja kimoja hadi vifike 1,000. Ukinakili orodha nzima kila mara, unaandika kitu 1, kisha 2, kisha 3, mpaka 1,000. Jumla ni vitu 500,500. Ukiandika badiliko pekee, ni vitu 1,000. Tofauti hiyo kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ni kati ya zana inayofanya kazi na zana iliyoganda. Lakini usiandike mabadiliko matupu pia, kwa sababu kwenda hatua ya 900 kutamaanisha kuanza kuyarudia tangu hatua ya kwanza. Changanya: andika mabadiliko kila hatua, na kila baada ya hatua 50 hivi weka nakala kamili. Mwanafunzi akitaka kurudi hatua ya 873, kionyeshi kinakwenda kwenye nakala ya 850 na kusonga mbele hatua 23. Hakuna atakayehisi kusubiri. Halafu weka kikomo cha jumla. Python Tutor hukata kwenye hatua 1,000, na kwa masomo ya mwanzo hiyo inatosha kabisa. Kitanzi kisicho na mwisho kitakamatwa hapohapo, na ujumbe useme hivyo wazi: programu imefikisha hatua 1,000, angalia sharti la kitanzi chako.

Mtego wa pili ni utambulisho wa vitu, na huu ndio unaostahili muda wako. Mwanafunzi akiandika `a = [1, 2, 3]`, kisha `b = a`, kisha `b.append(4)`, zana inayoonyesha vigeu kama jedwali la majina na thamani itamwonyesha orodha mbili zinazofanana. Amefundishwa uongo. Orodha ni moja yenye majina mawili, na mchoro lazima uonyeshe kisanduku kimoja chenye mishale miwili inayokiingia. Ukiniuliza kwa nini tunachora kabisa badala ya kuchapisha thamani kwa print, jibu langu la kwanza ni hili.

Ili kulijua hilo kinasa kinahitaji namba ya kila kitu. Python ina id(), lakini ina hila: kitu kikishafutwa kwenye kumbukumbu, namba yake inaweza kupewa kitu kingine. Kwenye rekodi utaona orodha iliyokufa hatua ya 12 ikifufuka hatua ya 40 ikiwa na sura nyingine. Huwezi pia kuitegemea weakref (kiungo kinachofuatilia kitu bila kukizuia kufutwa), kwa sababu orodha na kamusi za kawaida za Python hazikubali. Suluhisho rahisi ni kinasa kushikilia kila kitu kilichowahi kukiona mpaka rekodi iishe, ili kisifutwe, na kukipa namba yako mwenyewe. Inakula kumbukumbu kidogo, na inabadilisha wakati ambapo `__del__`, fankisheni ya kitu kinapofutwa, inaitwa. Anayeanza kujifunza haandiki `__del__`. Endelea.

Mtego wa tatu ni input() na bahati nasibu. Programu ikisubiri mtu aandike, kinasa kinasimama katikati. Weka kisanduku kabla ya kuendesha, mwanafunzi aandike majibu yote kila moja kwenye mstari wake, na kinasa kiyachukue kwa zamu. Kwa moduli ya random, funga mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu) iwe ileile kila mara, vinginevyo mwanafunzi akiendesha tena atakuta hadithi nyingine na hutaweza kumweleza kilichotokea mara ya kwanza.

Ukimaliza hapo, wiki tatu au nne za likizo zimekwenda, na kwa macho ya mtu wa nje zana yako haijabadilika sana. Usivunjike moyo. Sasa una kitu ambacho orodha yako haikukitaja, na ndicho ningekiweka mbele ya vyote vilivyobaki: maswali ya kutabiri.

Mwaka 2002 Christopher Hundhausen, Sarah Douglas na John Stasko walipitia majaribio 24 yaliyopima kama michoro ya algoriti (hatua za kutatua tatizo) huwasaidia wanafunzi. Walichokikuta ni kwamba jinsi mwanafunzi anavyoutumia mchoro ina uzito kuliko kile mchoro unachomwonyesha. Anayetazama tu hapati faida kubwa. Anayetabiri, anayejibu, anayebadili data na kuona matokeo, huyo ndiye anayefaidika. Mwaka huohuo kundi lililoongozwa na Thomas Naps lilipanga ngazi za ushiriki, kuanzia kutazama, kujibu maswali, kubadilisha, kujenga mchoro mwenyewe, hadi kuuwasilisha mbele ya wenzake. Unaposema wanafunzi wako wameipenda zana, nakuamini. Ila wanaweza kuipenda wakiwa wamekaa ngazi ya kutazama tu, wanabonyeza "mbele, mbele, mbele" hadi mwisho na kuondoka kama walivyokuja.

Kwa kuwa rekodi yote iko tayari kabla ya mchoro kuanza, zana inajua kitakachotokea hatua inayofuata. Kwa hiyo inaweza kutunga maswali yenyewe, bila wewe kuandika hata moja. Ifiche thamani mpya na iulize: total itakuwa ngapi baada ya mstari huu? Mstari gani unafuata? Kwenye `b = a`, je, vitakuwa visanduku vingapi? Usiulize kila hatua, watachoka. Uliza mahali penye uzito: sharti la if linapoamua njia, kitanzi kinapozunguka mara ya mwisho, fankisheni inaporudisha jibu, jina la pili linapoelekezwa kwenye orodha iliyokwisha kuwapo. Akikosea, mwache aone jibu kisha arudi nyuma atafute alipopotea. Hapo ndipo kitufe chako kinapopata kazi ya maana.

Kuna hatua ya mbele zaidi ninayoipenda. Jeliot ni zana ya kuonyesha programu za Java iliyokuzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Joensuu, Finland (kilichokuja kuunganishwa na cha Kuopio mwaka 2010; na kwa wasomaji wa Tanzania, ni Joensuu hiyohiyo iliyoshirikiana na Chuo Kikuu cha Tumaini kule Iringa kuanzisha shahada ya TEHAMA). Andrés Moreno na wenzake waliitengenezea namna ambayo mchoro hudanganya makusudi: programu ni sahihi, lakini mahali fulani mchoro unaonyesha kitu kisicho sawa, na kazi ya mwanafunzi ni kuukamata uongo. Kwa zana yenye rekodi hili ni jambo la jioni mbili: chukua rekodi, badili thamani moja, onyesha. Mwanafunzi anayezoea kukubali kila kinachotokea kwenye skrini hukosa pa kujificha. Mwambie mapema kwamba kuna uongo, usimtegee kimyakimya, la sivyo ataacha kuiamini zana siku zote.

Kuhusu mchoro wenyewe, jambo moja nalisisitiza kuliko rangi zote: kitu kilichowekwa mahali kikae hapohapo. Zana nyingi hupanga visanduku upya kila hatua ili vikae vizuri, na matokeo yake ni bao ambalo kete zimehamishwa ulipogeuza shingo; mwanafunzi anatumia akili yake kutafuta orodha ilikokwenda badala ya kuona kilichobadilika ndani yake. Hapa tena rekodi inakusaidia, kwa sababu kionyeshi kinaweza kuisoma yote kabla, kujua vitu vyote vitakavyowahi kutokea, na kuvitengea nafasi tangu mwanzo. Miito ya fankisheni irundike kwa mpangilio mmoja, mpya juu au mpya chini, usibadilishe. Thonny, programu ya kuandikia Python kwa wanaoanza kutoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, hufungua dirisha jipya kwa kila mwito, na kwa kufundisha fankisheni inayojiita yenyewe ni njia nzuri sana. Iangalie kabla hujaamua. Rangi zisitegemewe peke yake, hasa nyekundu na kijani. Projekta yenye taa iliyochoka huzifanya zote kuwa kahawia, na katika kila darasa yupo asiyezitofautisha. Kilichobadilika kipe mpaka mnene.

Sasa CodeCity. Richard Wettel aliijenga Lugano, Uswisi, akiwa na Michele Lanza. Kila klasi (kifungu cha msimbo chenye data na kazi zake) ni jengo. Urefu wake ni idadi ya mbinu zilizomo (fankisheni za klasi), upana wa msingi ni idadi ya sifa (vigeu vyake), na mitaa ni vifurushi vya msimbo. Na haikuwa mapambo: katika jaribio walilolichapisha mwaka 2011, waliotumia mji walitoa majibu sahihi zaidi kwa karibu asilimia 24 na kumaliza mapema kwa asilimia 12, wakilinganishwa na waliotumia Eclipse (programu ya kuandikia msimbo) na Excel. Lakini angalia wanaokusudiwa ni nani. Ni watu walioachiwa mfumo mkubwa wenye mamia au maelfu ya klasi ambao hawakuuandika wao, wanaotaka kujua wapi pamejaa na wapi pameoza. Mwanafunzi wako ana programu ya mistari 30, pengine haina klasi hata moja. Utamjengea mji wa kiwanja kitupu. Isitoshe mji unaonyesha umbo la msimbo, na yeye tatizo lake ni mwendo wake. Siku ukifundisha darasa la kusoma mifumo ya watu, tumia zana zilizopo. Usiijenge wewe.

Kutumia bila intaneti ningekuweka mara baada ya maswali ya kutabiri, na una njia mbili. Moja ni kufanya kama Thonny: programu ya kusakinishwa inayokuja na Python yake ndani, unaigawa kwa flashi. Nyingine ni Pyodide, yaani Python iliyogeuzwa kuwa WebAssembly, msimbo ambao kivinjari kinaweza kuuendesha, ili iendeshwe ndani ya kivinjari; mradi huo ulianza Mozilla mwaka 2018. Kama zana yako tayari inachora kwenye kivinjari, ningechukua Pyodide. Si lazima wanafunzi wawe na bando: kompyuta moja ya maabara inakuwa seva kwa amri ya `python -m http.server`, nyingine zinaifikia kupitia swichi au ruta isiyo na intaneti. Ukifungua faili kwa kubofya mara mbili bila seva, kivinjari kitakataa kupakia sehemu za Pyodide, na wengi huishia hapo wakidhani imeharibika. Kinasa kiwekwe ndani ya Web Worker (sehemu ya kivinjari inayofanya kazi kando ya ukurasa), ili kikigoma ukiue bila kuua ukurasa.

Njia hii ina faida nyingine ambayo kwa chuo ni kubwa. Kama leo msimbo wa wanafunzi unaendeshwa kwenye seva yako, mwanafunzi mtundu anaweza kufuta faili zako kwa mistari miwili. Ndani ya kivinjari anaharibu cha kwake tu.

Ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, ndiyo, na ni kazi ya siku chache. Usijaribu kutafsiri yote. NameError, IndentationError, TypeError, IndexError na SyntaxError ndiyo yatakayowasumbua karibu kila siku. Weka maelezo yako juu, na ujumbe wa asili wa Python uache chini kama ulivyo, kwa maana siku akiwa peke yake ndio atakaoutafuta mtandaoni. Na kosa nalo ni hatua ya rekodi: mruhusu arudi nyuma kutoka kwenye kosa hadi pale kigeu kilipopata thamani mbaya. Mara nyingi ni mistari kadhaa juu ya pale Python inapolalamika.

Java na C ziahirishe. Kionyeshi chako kitazipokea bila shida kama rekodi ni ya muundo uleule, ila kila lugha inadai kinasa chake. Java ina njia rasmi ya kufuatilia programu inayokuja na JDK (vifaa vya kuundia programu za Java), inawezekana kwa likizo nyingine. C ni habari nyingine kabisa. Humo kuna kumbukumbu isiyojazwa, viashiria (pointer) vinavyoelekea kusikojulikana, na Python Tutor yenyewe ililazimika kutumia Valgrind, zana ya kuchunguza matumizi ya kumbukumbu. Ni kweli kwamba C ndipo mchoro unapohitajika zaidi. Lakini ni mradi wa watu wawili watatu, si wa mwalimu mmoja likizoni.

Video nayo iache. Video ina mahali pake: Ronald Baecker wa Chuo Kikuu cha Toronto alitoa mwaka 1981 filamu ya nusu saa inayolinganisha njia tisa za kupanga data, na ilionyeshwa madarasani kwa miaka mingi. Ila hiyo ilikuwa hadithi moja iliyotungwa kwa uangalifu, kwa ajili ya darasa zima. Programu ya mwanafunzi mmoja yenye kosa lake haihitaji filamu. Hifadhi faili la rekodi lenyewe. Litakuwa dogo, linapita WhatsApp bila kumaliza bando, na anayelipokea analifungua kwenye zana akaenda mbele na nyuma atakavyo, akajibu na maswali ya kutabiri. Usisahau kuweka namba ya toleo la muundo ndani ya kila faili, kwa sababu utaubadilisha muundo, na faili za muhula huu lazima zifunguke muhula ujao.

Ukikwama, na nadhani utakwama kwenye orodha zilizo ndani ya orodha, niandikie tena. Niambatanishie faili la rekodi, si picha ya skrini.